Mkono Wangu Kwenye Gia

Mpendwa Baba Zaina,

Gari limepona. Naanza na hilo kwa sababu nakujua: ungeniuliza habari za gari kwanza, ndipo uulize miguu yangu.

Unakumbuka tulivyokuwa tukishuka kutoka Bungu na magunia ya tangawizi? Barabara ikianza kuinama unasimama, unaingiza ile gia fupi inayoyatia nguvu magurudumu yote manne, kisha unaniambia, "Mama Zaina, shika." Naikamata kwa mikono miwili, naikandamiza mpaka tufike tambarare. Nikilegeza kidogo tu, inachomoka. Uliwahi kuifunga kwa mpira wa tairi, ukakatika safari ile ile, ukasema mikono yangu imeushinda mpira. Nilicheka. Hofu nilikuwa nayo, lakini nilipenda kukaa nawe bega kwa bega namna ile, kila mtu na kazi yake.

Ulipotutoka, Zaina alishika usukani, nami nikabaki mahali pangu pa katikati. Sikuthubutu kumwacha aende peke yake.

Masika haya tulikuwa tunashuka na mzigo, mjukuu wetu Mwajuma yuko mapajani mwangu, anachemka homa, tunamwahisha hospitali Korogwe. Mkono mmoja kwa mtoto, mmoja kwenye gia. Katikati ya mteremko mtoto akaanza kutapika. Nikaachia gia nimwinue asipaliwe. Nikasikia kitu kimegonga chini ya miguu, injini ikanyamaza, gari likaanza kukimbia lenyewe. Zaina alikanyaga breki mpaka zikatoa harufu ya kuungua, bado tunakwenda. Upande mmoja korongo, upande mwingine ukingo wa udongo. Akaliegemeza gari kwenye ule ukingo, likakwaruza, likakwaruza, likasimama. Tulivunja kioo cha pembeni tu. Mtoto alikuwa analia, na kile kilio kilinifurahisha kuliko wimbo.

Nilianza kujilaumu kwa kuachia. Zaina akanikatiza.

"Mama, mkono wako si kifaa cha gari hili."

Msamaria mmoja alitufikisha hospitali, na baada ya siku chache Mwajuma alikuwa anakimbiza kuku. Gari lilivutwa mpaka kwa fundi pale mjini. Alipofungua boksi la gia alituita tuone. Ndani mna fimbo yenye vishimo, na gololi inayosukumwa na springi ili ikae kwenye kishimo na kuizuia gia isihame. Ile springi ilikuwa imekatika vipande viwili, na kishimo kimelika kingo. Raba zinazolishikilia boksi nazo zilikuwa zimechanika, kwa hiyo kila mzigo ulipotusukuma kwa nyuma, boksi lilicheza na gia ikaruka. Alibadilisha vyote. Nilikiweka kile kipande cha springi kiganjani. Kidogo, Baba Zaina, kama ukucha wa kidole gumba.

Fundi na Zaina walilijaribu kwanza likiwa tupu, kisha na mzigo. Mara ya tatu nilipanda mimi. Tulipofika pale tulipokwaruza, Zaina aliniomba nikunje mikono. Nilikunja. Gia ilitulia kama imepigiwa msumari, injini ikalishika gari taratibu, hatua kwa hatua. Machozi yalinitoka, na hayakuwa ya huzuni. Nilitamani ungekuwepo, ushuke siku moja tu bila kuniangalia kwa wasiwasi.

Jana Zaina alikwenda Bungu peke yake, na keshokutwa anafuata mahindi Handeni. Mimi nilibaki hapa Kwamndolwa, nikapalilia mchicha, nikaoga, nikajilaza. Nikaja kusikia honi nje kabla sijakumbuka kuogopa.

Pumzika sasa, mume wangu. Huku tunafika salama.

Mkeo,
Mama Zaina