Usipige Magoti Ndani ya Ndege

Nairobi, 15 Septemba 1957

Mama mpendwa,

Shikamoo, waitu, wetu wa heshima. Sisi tu wazima, na tumeongezeka: Jovita amejifungua binti! Tumempa jina lako, Kokushubila, na sauti yako kaja nayo mwenyewe, mtaa mzima unaijua. Atabatizwa Desemba mosi. Njoo umshike. Meli na treni vitakumaliza mgongo, kwa hiyo nitakukatia tiketi ya ndege kutoka Bukoba. Usiogope. Ndiyo kazi yangu hapa karakana: nafunga viti vya ndege na kushona mikanda yake.

Mwanao,
Ishengoma

Muleba, 2 Oktoba 1957

Mwanangu,

Wasibota, umeshindaje? Hapa migomba inazaa, na goti langu linauma kama kawaida. Habari ya mjukuu nimeipigia vigelegele mpaka jirani Anatolia akaja mbio akidhani nyumba inaungua.

Lakini ndege, hapana. Anatolia amesikia kuna moja ilianguka, abiria wakaokotwa mbali, mikanda bado viunoni, viti bado mgongoni. Sasa mkanda ulisaidia nini? Ukimfunga mbuzi kwa kamba mpya kwenye kigingi kilichooza, hujamfunga. Tazama kigingi kwanza, ndipo uniite. Nina hamu na huyo mtoto kuliko chakula, ila nataka kumwona nikiwa hai.

Mama yako

Nairobi, 6 Novemba 1957

Mama,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Barua yako nilimsomea fundi mkuu, Mwingereza asiyecheka. Akacheka. Kisha akachukua tochi, akalala chini ya kiti. Kumbe viti vilishikwa na bati la sakafu tu!

Tukafunga kiti kwenye mkokoteni, tukakipakia gunia la mchanga lenye uzito wako (samahani, nilikisia), tukauachia mteremkoni hadi ukutani. Miguu ya kiti iling'oka yote. Tulirudia mara kumi na moja, mpaka tukaishikiza kwenye mbavu zenyewe za ndege. Safari hiyo gunia lilitulia tuli, na karakana nzima tulicheza. Ndege ya Bukoba sasa ina viti hivyo. Tiketi hii hapa.

Mwanao,
Ishengoma

Nairobi, 9 Desemba 1957, ndani ya kikapu chako

Mama,

Shikamoo. Najua utachungulia kikapu kabla ndege haijaondoka. Siku hizi zote nyumba ilijaa raha, na senene uliotuletea, panzi wale wa kukaanga, haukubaki hata mguu.

Kuna neno nilishindwa kukuambia mezani. Mchungaji Rugaibula amenieleza kwamba wakati wa kuja, alipopandia Mwanza, ulifungua mkanda ukampigia magoti kumsalimu kwa desturi yetu, na ndege imekwisha kuanza kukimbia. Mama, usipige magoti ndani ya ndege. Hata aje nani. Mkanda ukae nyongani, uubane, usalimie umekaa. Kigingi nimekitengeneza. Kamba iko mikononi mwako.

Mwanao anayekuomba,
Ishengoma

SIMU YA MAANDISHI, 10 Desemba 1957

MAMA NIMESIKIA NDEGE IMEPINDUKA BUKOBA. JIBU UPESI. ISHENGOMA

Kibeta, Bukoba, 12 Desemba 1957

Mwanangu,

Mimi mzima! Wasibota? Simu yako imenikuta leo hapa kwa dada yangu, nawe pumua sasa.

Mchungaji, aliyekuwa ametangulia kurudi Mwanza, alipanda tena huko. Nikamsalimu nimekaa, aibu imenijaa mpaka masikioni. Alinitazama kama mtu aliyeharibiwa na Nairobi kwa siku chache tu. Bukoba mvua ilikuwa imenyesha. Ndege ikateleza kwenye nyasi, ikaingia mtaroni, ikapinduka miguu juu. Mwanangu, tulining'inia kama popo, watu kumi na wawili, na hakuna kiti kilichong'oka! Mchungaji, miwani imemtoka, akasema, "Waitu Kokushubila, sasa nimejua kwa nini hukuinuka." Nilicheka kichwa chini, kucheka kukagoma kuisha. Rubani kavunjika mkono. Wengine tuna michubuko tu.

Jana walipoigeuza kwa kamba, niliomba kuingia. Kiti changu kilikuwa palepale. Nikakipigia magoti, na goti hili linavyouma, nikakishukuru kwa Kihaya mbele ya watu wote.

Usije ukaringa. Mama hampigii mwanawe magoti, nimekipigia kiti. Ila aliyekifunga namjua, nilimzaa mwenyewe. Pasaka nakuja tena, unikatie kile kile.

Bibi yake Kokushubila