Bendi ya Soksi Moja Haina Mwanamke

Mpendwa mshauri, naomba msaada na naomba haraka, maana Jumamosi inakuja mbio na mimi nipo hapa nacheka peke yangu, nikimaliza kucheka naona aibu, nikimaliza kuona aibu naanza tena kucheka, na dada yangu ninayeishi naye kasema ama nikuandikie wewe ama nihamie jikoni na godoro langu.

Mimi ni fundi miwani. Nasaga lenzi, nazipachika kwenye fremu, nakaza skrubu ambazo ukipiga chafya huzioni tena. Kazi yangu naipenda, ila bosi ana tabia ya kuniambia nipunguze sauti ninaposaga, wakati mashine haina kitufe cha sauti, nimeshamzoea. Lakini kipenzi changu cha miaka mingi, mshauri, ni bendi ya roki inayoitwa Soksi Moja, wanaume wanne wenye magitaa na ndevu wanaorekodi kwenye gereji ya mama yake mpiga dramu, na kama hujawahi kuwasikia sikulaumu, karibu kila mtu hajawahi kuwasikia. Tatizo lao hawajui kunyamaza. Wenzao wakipata wimbo wanaufikiria kwanza, hawa wakipata wimbo wanautoa, wakikosa wimbo wanatoa vilevile, mpaka sasa wana albamu ishirini na kitu, na kila albamu ina nyimbo mbili au tatu za kukusimamisha katikati ya barabara ukasahau ulikokuwa unakwenda, halafu zilizobaki, Mungu anisamehe. Kuna albamu waliyorekodi bafuni. Kuna nyingine mwimbaji alikuwa na mafua, wakaona kumngoja ni kupoteza muda, akaimba mpiga dramu, na mpiga dramu yule hajui kuimba wala hajui kwamba hajui. Na kuna wimbo unaitwa "Jokofu", dakika kumi na moja za jokofu linalonguruma, mwishoni mtu anafungua mlango, anaufunga, basi.

Sasa kuna kaka mmoja anayesambaza mikate kwenye maduka ya mtaa wetu, dada anamwita Bwana Mkate. Alikuja dukani mkono wa miwani yake umelegea, nikaukaza, akarudi wiki ileile umelegea tena, nikaukaza, akarudi, na kila akirudi anasimama mlangoni kwanza akinitazama nasaga, hasemi kitu mpaka nizime mashine. Siku moja akauliza, "Hivi kichwani mwako huwa kuna muziki gani?" Nikamwambia Soksi Moja, nikamwelezea mpaka mkate wake ukapoa kwenye gari, akaniambia, "Basi nirekodie kanda. Gari langu lina redio ya kanda tu, na kitufe cha kuruka nyimbo kilishakufa, kwa hiyo utakachoniwekea ndicho nitakachosikiliza."

Mshauri, hebu fikiria mzigo huo! Mtu hawezi kuruka! Wimbo mmoja mbaya na kaka wa watu kakwama nao barabarani na mikate yake. Nikakesha usiku kucha, nikazitoa albamu zote nikazitandaza sakafuni mpaka dada akawa anapita chumbani kwa ncha za vidole, nikachagua, nikachagua tena, nikafukuza bafu, nikafukuza mafua, Jokofu sikulisogelea hata kwa fimbo, na zikabaki nyimbo tamu tupu, upande wa kwanza na wa pili, bendi bora kuliko zote duniani. Waya wangu wa kurekodia uliungua zamani, kwa hiyo njia yangu ni kuweka kinasa sauti mbele ya spika, nafunga dirisha, natundika blanketi mlangoni, dada anaapa hatagonga sufuria, na mimi nakaa kimya kabisa. Kinasa chenyewe spika yake ilikufa, kinarekodi lakini hakitoi sauti, kwa hiyo nikimaliza sisikilizi, natazama tu kama utepe umesogea.

Basi nikampa. Kesho yake kaja mbio, kaacha mlango wa gari wazi, anasema hajawahi kusikia kitu kama kile, na hasa, mshauri, hapa ndipo pananiua, "hasa yule mwanamke anayeitikia nyuma. Yule dada ana raha! Anaimba kama hakuna mtu anayemsikiliza." Soksi Moja haina mwanamke. Haijawahi kuwa na mwanamke. Lakini nikaona nikisema sijui nitaonekana shabiki wa uongo, nikajibu, "Ndiyo, yule ni hodari sana." Akacheka mno, hata sikuelewa anacheka nini, akaniambia, "Ningependa siku moja nimsikie ana kwa ana."

Nikarudi nyumbani nikakagua majalada yote, picha zote, ndevu tupu. Nikadhani ni mpiga besi anabana pua. Na nikuambie ukweli, nimeanza kumwonea wivu. Usiku nalala namwaza huyo mwanamke asiyekuwepo, namwona ana koti la ngozi na nywele nzuri.

Juzi Bwana Mkate kaja na tiketi mbili. Soksi Moja wanapiga Jumamosi kwenye ukumbi wa nyuma ya kituo cha mafuta, kasema twende wote. Moyo ukanipaa, halafu ukaanguka, maana Soksi Moja jukwaani ni hivyohivyo, siku nyingine wanapiga unalia kwa raha, siku nyingine wanapiga Jokofu, tena wanakuja na jokofu lenyewe. Atajua kwamba nilimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kwamba bendi niliyompa haipo, na huyo mwanamke wake hayupo, na nahisi akishajua hayo mkono wa miwani hautalegea tena. Dada ananishauri nijifanye naumwa. Mimi nampenda mtu huyu, mshauri. Nimelisema. Nifanyeje? Nimekuwekea kanda ndani ya bahasha, nimekurekodia Jokofu kwa njia yangu ileile, ili usidhani natia chumvi.

Ni mimi,
Fundi Miwani

*

Fundi Miwani, mwanangu,

Kwanza nikukaripie, kisha nikufurahie, maana nikianza na furaha sitakumbuka kukukaripia.

Mtu amekuomba umwonyeshe kitu unachokipenda, wewe ukamwonyesha nusu, ile nusu iliyochana nywele. Hukumwamini kwamba anaweza kuvumilia bafu na mafua. Nani kakuambia mtu anaipenda bendi kwa sababu haikosei? Wewe mwenyewe umewapenda hao wenye ndevu miaka yote hiyo huku wakikuuzia mngurumo wa jokofu, na bado ukiwasikia unasimama katikati ya barabara (acha hiyo tabia, utagongwa). Halafu unaulizwa swali jepesi, unajibu "hodari sana" kuhusu mtu usiyemjua. Ungesema tu "bendi haina mwanamke", leo nisingekuwa na barua, na wewe usingekuwa na wivu na koti la ngozi.

Sasa sikiliza. Nimeisikiliza kanda yako. Ofisi nzima hapa gazetini haikuwa na cha kuichezea, mpaka mpiga picha wetu akachimbua redio ya zamani chini ya meza yake, tukaifuta vumbi, tukakaa, tukabonyeza. Jokofu likaanza kunguruma. Dakika ya kwanza, jokofu. Dakika ya pili, jokofu. Mpiga picha akaanza kunitazama vibaya. Kisha, mwanangu, jokofu likapata mwenzake.

Ni sauti ya mwanamke. Mwanzo anavuma chini kwa chini sambamba na jokofu, halafu anapanda, halafu anajitungia kiitikio, kiitikio cha jokofu! Akiwa katikati ya raha yake mtu anapiga kelele kwa mbali, "We, chai inapoa!", naye anajibu "Nakuja!" bila kuacha wimbo. Mlango wa jokofu ulipofungwa alikuwa bado anaendelea peke yake. Sauti yake inateleza, noti nyingine anaipita, nyingine anairudia kuichukua, na mpiga picha wetu, ambaye hacheki hata kwenye harusi, alijifuta machozi akaomba turudishe mwanzo.

Uliketi kimya kabisa, sivyo? Mbele ya spika, na kinasa wazi, na blanketi mlangoni!

Mwanangu, mwanamke wa Soksi Moja ni wewe. Huna habari kwamba unaimba. Bosi wako anayo, ndiyo maana anakuomba upunguze sauti, hazungumzii mashine. Dada yako anayo ila ameshazoea, kama wewe ulivyozoea mashine yako.

Na Bwana Mkate je? Hapo ndipo nakuomba ukae chini. Huyo ni mtu aliyekuwa anasimama mlangoni pako kila anapokuja, kimya, mpaka uzime mashine. Alikuuliza kichwani mwako kuna muziki gani. Unadhani alijuaje kwamba muziki upo? Mkono wa miwani hauwezi kulegea mara zote hizo bila kusaidiwa, wewe ni fundi, unalijua hilo kuliko mimi. Sauti ile aliijua kabla hujamrekodia chochote. Ndiyo maana alicheka uliposema "hodari sana". Ulikuwa unajisifu mbele yake, tena bila haya! Kwa hiyo hilo koti la ngozi unaloliota usiku, kalinunue ulivae mwenyewe.

Sasa fanya hivi. Kujifanya unaumwa futa kabisa, na mwambie dada yako ushauri ni kazi yangu. Rekodi kanda ya pili kwa njia yako ileile, uweke bafu, uweke mafua, na Jokofu lote bila kupunguza, umpe na umwambie kwa mdomo wako, "Bendi yangu iko hivi, na mimi nimo humu pia." Usijaribu kunyamaza unaporekodi. Najua sasa utaisikia sauti yako na utataka kubana midomo. Jikaze, imba. Akiisikiliza yote barabarani, na kitufe cha kuruka hakuna, akarudi kesho yake na miwani yake imelegea, huna haja ya kuniandikia tena.

Jumamosi nenda mapema mkasimame mbele. Wakipiga vibaya, chekeni. Wakileta jokofu, pigeni makofi. Na watakapofika kwenye ule wimbo anaoupenda, kwenye kiitikio, wale wanaume wanne wataimba na ndevu zao na nyuma yao hakutakuwa na mtu. Yeye hatatazama jukwaani. Atakugeukia wewe. Usimwache asubiri.