Kitenge cha Mama Kimefika Lufingo

Dada Neema, shikamoo.

Huku Lufingo mvua haikatiki na ndizi tunakula asubuhi mpaka jioni. Jana mwenyeji wangu, Mama Tusekile, alinipeleka kanisani kwao, ambako wanaamini marehemu bado huzungumza nasi. Mgeni huweka mezani kitu cha marehemu wake. Mimi niliweka kitenge cha Mama, kile cha bluu. Ndiyo, kile ulichokitafuta nyumba nzima baada ya msiba. Nilikichukua mimi, nikanyamaza.

Bibi mmoja aliyevaa kanzu nyeupe, miguu peku, alikishika akafumba macho. Mvua ilikuwa ikipiga juu ya bati.

"Mwenye kitenge hiki ameacha mabinti wangapi?" akauliza.

"Wawili."

"Anamsalimia yule ambaye hakuja."

Nilinuna, dada! Nimesafiri siku mbili, halafu salamu ni zako! Baadaye, tukila ndizi na maharage pamoja, nilimuuliza bibi amejuaje. Akacheka tu, akaniongezea maharage.

Mpaka sasa nawaza. Kitenge nimeshakikunja, nakuletea. Nimekinusa mara ya mwisho: bado kina harufu yake.

Mdogo wako akupendaye,
Upendo