Kabla ya Glasi ya Pili

Port Said,
16 Februari 1989

Dada yangu mpenzi Inshirah,

Nakusalimu kwa salamu za mdogo wako anayekukumbuka kila akisikia mlango ukigongwa kwa nguvu, maana hakuna aliyewahi kuugonga kama wewe. Natumai baridi ya Kuwait imepungua, goti la shemeji limepata nafuu, na watoto wanafanya vizuri shuleni. Sisi huku tu wazima wa mwili. Upepo wa mfereji unatupiga usoni wiki ya tatu sasa, na wanafunzi wangu wa jiografia bado wanaamini kwamba Suez iko kaskazini. Yote hayo nayavumilia.

Barua yako ilifika siku kumi zilizopita. Sikuijibu mara moja, na si kwa sababu ya kazi. Uliniomba kitu kimoja tu: nikutumie nakala ya picha ya Umm Rifaat, kwa kuwa ulisikia kwamba mwisho wa maisha yake alikubali kupigwa. Umeandika kwamba hukuwahi kufika kumzika, na angalau uso wake ukae sebuleni kwako. Niliisoma sentensi hiyo, nikaikunja barua, nikaitia chini ya chano cha chai. Kila nikinywa chai naiona.

Si lazima nikukumbushe yeye ni nani kwangu. Wewe mwenyewe ulikuwa na miaka tisa uliponibeba mimi, kitoto cha siku sita, mama yetu akiwa amekwisha zikwa, ukavuka uchochoro ukagonga mlango wake. Alikuwa ananyonyesha Rifaat. Hakuuliza neno, alisogeza mtoto mmoja kushoto akampokea wa pili kulia. Basi mimi na Rifaat ni ndugu wa ziwa moja, na yeye ndiye mama pekee ninayemjua. Picha zake za zamani zilibaki hapa tulipohamishwa wakati wa vita, na tuliporudi tulikuta ngazi isiyokuwa na nyumba. Baada ya hapo hakukubali kamera kabisa. Hata kitambulisho hakuwahi kuwa nacho. Alikuwa akisema mumewe alipigwa picha Jumanne akafa Jumatano, na yeye hana haraka.

Sasa nikueleze kuhusu mkahawa wetu, maana ulipoondoka upuuzi huu ulikuwa haujaanza. Tangu mji ulipofunguliwa kwa bidhaa zisizo na ushuru, kila mwanamume wa hapa mwenye mshahara amejinunulia kamera ya Kijapani, na mji umegawanyika. Kila Ijumaa baada ya sala tunakutana mkahawani mbele ya kivuko cha Bur Fuad. Meza za dirishani ni za watu wa Nikon, meza za karibu na kaunta ni zetu sisi wa Canon. Zao tunaziita matofali, zetu wanaziita vibiriti. Kiongozi wao ni Mahrus kinyozi, ambaye humnyoa mtu wa Canon upande mmoja kwanza, kisha anamuuliza kama bado ana msimamo uleule. Rifaat, ambaye ni fundi kwenye karakana ya boti za mfereji, ni mtu wa Nikon tangu siku ya kwanza. Miaka kumi na miwili amekuwa akiniambia kamera yangu nimeinunua duka la vitu vya watoto. Miaka kumi na miwili nimekuwa nikimwambia yake ikimwangukia mtu mguuni, serikali itamlipa fidia. Hatujawahi kugombana kwa jambo lingine lolote.

Tuna desturi moja. Kamera iliyoachwa mezani bila mwenyewe ni halali kuchezewa. Mtu ataitia kiganja cha vumbi la karanga kwenye mkoba wake, ataigeuza kigurudumu, ataibandika karatasi kwenye lenzi. Lakini sharti lake ni zito: aliyefanya lazima aseme kabla mwenye kamera hajamaliza glasi ya pili ya chai. Asiyesema hana kiti tena. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kulivunja sharti hilo, hata wale wanaodanganya wake zao.

Ijumaa ya kwanza ya Desemba, Rifaat aliitwa kwenye simu ya kaunta, akaiacha kamera yake mezani karibu na kiwiko changu. Ipo ringi ndogo juu yake ambayo unaiambia umetia filamu ya namba gani. Yeye alikuwa ametia ya mia. Niliiinua ringi nikaizungusha hadi elfu moja na mia sita. Ukifanya hivyo, kamera inadhani filamu ni kali kuliko ilivyo, basi inafunga jicho mapema mno, na picha zote zinatoka giza. Watu wa meza yetu waliniona wakafunika vinywa. Ni mzaha wa kawaida, nami nilishafanyiwa mara mbili.

Rifaat alirudi kutoka kwenye simu uso unang'aa. Alisema mkewe amepiga kutoka duka la dawa: mama amekubali. Mjukuu wake alikuwa amemuuliza atawaonyesha nini wanawe siku moja, na yeye akaenda kuoga, akatia hina, akavaa mtandio mweupe, sasa ameketi dirishani akisema njooni kabla sijabadilisha mawazo. Mkahawa mzima ulipiga makofi. Rifaat aliinyakua kamera, akaniinamia, akasema, "Leo tofali litajenga nyumba, Wagdi. Nenda kacheze na kibiriti chako." Akatoka. Glasi yake ya kwanza ilikuwa bado nusu.

Dada, nilikuwa na muda. Kutoka kiti changu hadi mlangoni ni hatua nane, nimezihesabu baadaye. Nilikwisha fungua mdomo. Lakini kilinishika kijiba cha roho. Mimi nilikuwa nimemwomba mama huyo picha mara ngapi? Kila Idi nilimwomba, na kila Idi alinisukuma kwa kiganja cha mkono wake akicheka. Kumbe alikuwa akiingoja Nikon. Nilijiambia: mwache arudi na giza mara hii moja, nitamwambia kesho, tutacheka, kisha tutakwenda pamoja, na mama atapigwa na kamera zote mbili. Wenzangu wa mezani walidhani nitamfuata nikamwambie nje. Nilipoinuka kwenda kunawa mikono kisha nikarudi, walidhani nimekwisha mwambia.

Jumamosi nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Jumapili nilikwenda hadi mlangoni kwao, nikasikia sauti ya mama akiwagombeza kuku wa juu ya paa, sauti nzima kabisa, nikajiambia kesho. Jumatatu alfajiri alianguka bafuni wakampeleka hospitali. Kuanzia hapo uso wake ulivimba, na Rifaat alisema hatampiga picha akiwa hivyo, kwa kuwa tayari anayo nzuri zaidi. Jumanne Khawaja Artin, yule Muarmeni mwenye chumba cha giza nyuma ya soko la samaki, aliisafisha filamu. Ilitoka nyeupe kama maji ya mchele, na filamu nyeupe hivyo ndiyo itoayo picha ya giza tupu. Uvimbe haukupungua, na mama alifariki siku ya tisa hospitalini.

Hadi hapa, dada, utaniita mpumbavu, na utakuwa umenisamehe nusu. Ngoja basi.

Siku ya tatu ya msiba, Rifaat alinichukua kando ngazini. Alikuwa na kamera mkononi. Alisema Artin amemwonyesha kwamba namba za pembeni mwa filamu zimetoka vizuri, kwa hiyo dawa haina kosa, kosa ni la kamera au la aliyeishika. Alinitazama akasema, "Wewe ni adui yake wa miaka mingi, na ni ndugu yangu. Ikague. Utakaloniambia nitalikubali."

Niliipokea. Ringi ilikuwa pale pale nilipoiacha. Hakuwahi kuiangalia, mtu akiwa na haraka ya furaha haangalii mambo hayo. Niligeukia mwanga wa dirisha la ngazi, nikajifanya nasikiliza sauti ya kufunga kwake, na kwa kidole gumba nikairudisha ringi hadi mia. Kisha nikamrudishia nikamwambia, "Kipimo chake cha mwanga kimekufa, ndugu yangu. Si kosa lako."

Nilidhani ninamfariji. Hapana, hata hilo ni uongo, nilikuwa najificha.

Baada ya arubaini alikuja mkahawani akapita meza za dirishani bila kuketi. Alikuja akaketi kwetu, karibu nami, akaweka mezani Canon mpya ndani ya kasha lake. Watu wetu walishangilia, mmoja akaagiza keki za basbusa kwa wote. Mahrus alikuwa akimtazama Rifaat kama anayetazama jirani anayehama. Rifaat alinisogezea ile Nikon yake ya zamani, akaniomba niitunze kwa kuwa hawezi kuiona wala kuiuza. Halafu alisema, wala hakusema kwa hasira, "Laiti ningekusikiliza miaka yote hii, leo mama angekuwa ukutani." Nilikula basbusa. Nakuambia nililimeza tonge lile na likapita.

Tangu siku hiyo kila Ijumaa anakaa kando yangu nimfundishe kamera yake mpya, na anafuata maneno yangu yote. Hana tena matani. Anaishika kamera hiyo kana kwamba inaweza kumlaghai wakati wowote. Ndugu yangu alikuwa akiamini kamera, na akiamini mkono wake, na mimi nimemwondolea vyote viwili ili nisikose kiti mkahawani. Mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Tuliimba methali hiyo shuleni na hakuna aliyetueleza kuwa usaha unaweza kutoka kwa mtu mwingine.

Juzi barua yako ilinishinda. Nilitia filamu kwenye ile Nikon, nikapiga picha za kamba ya nguo, paka, kiatu changu, nishuhudie kwa macho kwamba haina kosa, nikampelekea Artin pamoja na kamera yenyewe. Zote zilitoka safi. Mzee alizitazama, akaenda kabatini, akaleta bahasha. Alikuwa ameihifadhi ile filamu ambayo Rifaat alimwambia aitupe, kwa kuwa, alisema, filamu yenye mtu ndani haitupwi. Aliinyoosha chini ya taa, akaniambia kwa utaratibu wake ule, "Kipimo kikifa, Ustadhi Wagdi, hukosea ovyo, mara hivi mara vile. Hii imekosea sawasawa, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Huu si ugonjwa wa kamera. Ni mkono wa mtu."

Alichukua kipande cha mahameli nyeusi, akalaza filamu juu yake, akaisogeza karibu na dirisha na kuiinamisha kidogo. Akaniita. Dada, pale ambapo nilikuwa nimeona plastiki tupu, palikuwa na mtandio mweupe, na ndani yake uso. Filamu hafifu mno ikiwekwa juu ya kitu cheusi hugeuka, giza lake likawa mwanga, jambo ambalo wazee wa kazi hii wanalijua na sisi wa mkahawani, na kelele zetu zote, hatulijui. Haiwezi kuchapishwa kwenye karatasi, Artin amekwisha jaribu. Lakini inaonekana. Ana ile hali ya kukunja mdomo anapotaka kucheka na hataki aonekane. Nililia mbele ya mzee yule mpaka akanipa kiti.

Basi sasa unajua kwa nini hamna picha ndani ya bahasha hii. Ningeweza kukukatia kipande kimoja na kitambaa cheusi, na usingejua lolote. Lakini si changu cha kutuma. Ni cha Rifaat, na siwezi kumpa uso wa mama yake bila kumwambia kwa nini uko hivyo. Kesho ni Ijumaa. Nitakwenda na bahasha ya Artin na mahameli yake na ile Nikon, nitaketi, na nitasema mbele ya meza zote kabla hajamaliza glasi ya pili. Najua sharti. Nitasimama mwenyewe kabla hawajaniambia nisimame. Kiti hakiniumi tena. Kinachoniuma ni kwamba sina ndugu mwingine, na huenda kesho jioni nisiwe na huyu pia.

Barua hii naipeleka posta leo, kabla ya kwenda, kwa sababu najijua. Mtu aliyeshindwa hatua nane anaweza kushindwa tena. Lakini nikishakuambia wewe, sitakuwa na mlango wa kurudi nyuma.

Nakuomba jambo moja. Usiniandikie kwanza. Mwandikie Rifaat, umwombe yeye picha. Ikikufikia bahasha yenye mwandiko wake, iweke filamu juu ya kitambaa cheusi dirishani, uiinamishe polepole, utamwona. Na ikikufikia picha hiyo kwa mwandiko wangu, ujue sikusema, na uirudishe bila kuifungua.

Msalimie shemeji, na wabusu watoto mashavuni kwa niaba ya mjomba wao. Mwombee Umm Rifaat rehema, kisha, dua ikikubakia, niombee na mimi.

Mdogo wako uliyembeba kuvuka uchochoro,
Wagdi