Jina la Pili

Jumanne, 4 Machi

Tumerudi nyumbani. Mtoto ni wa kike, mzima, mwenye sauti. Ameingia ndani akiwa amelala, amefunikwa kitambaa kilichobaki kwenye mapazia niliyomshonea daktari wa meno. Niliona haya kidogo, lakini ni pamba safi, na mama mkwe amekipiga pasi mara mbili.

Mama mkwe atakaa nasi mpaka nipate nguvu. Amekuja na mto wake mwenyewe. Anasema mito yetu imejaa mawe.

Majirani wameingia na kutoka mchana kutwa. Wote neno moja: hongera kwa kifungua mimba. Nimeitika asante. Kila nikiitika, najisikia kama nimevaa nguo ya mtu.

Niandike hapa, maana hapa hakuna wa kunirekebisha. Asubuhi, kabla hatujaruhusiwa, nesi aliniuliza huu ni uzazi wa ngapi. Nikasema wa pili. Mama mkwe akadakia: "Wa kwanza, nesi. Amechoka huyu, hajui asemalo." Nesi akaniangalia mimi, akamwangalia yeye, akaendelea kukunja shuka.

Sikuchoka kiasi hicho. Miaka mitatu iliyopita alikuwepo mwingine, wa kike pia. Alizaliwa hana pumzi. Mimi nilikuwa nimepasuliwa, nimelala usingizi wa dawa, na nilipopata nguvu za kuuliza alikuwa ameshazikwa. Mume wangu ndiye aliyempokea, akambeba, akamzika. Nyumba hii haijamtaja tangu hapo. Hata jina la kumtajia hana.

Kwa hiyo huyu ni wa pili. Nataka hilo lijulikane, basi. Silii. Nahesabu tu.

Jumatano, 5 Machi

Wifi amekuja na simu iliyojaa majina. Anasema mtoto wa siku hizi apewe jina la siku hizi, akienda shule asichekwe. Akasoma moja, akalirudia kwa mdomo wa kubana: Tifani.

Mama mkwe alikuwa anakunja nepi. "Tufani?"

"Tifani, mama."

"Ndiyo nasema. Tufani. Mtoto ana kilo tatu, mnamwita dhoruba."

Wifi akajaribu jingine, lenye y mbili na h isiyosomwa. Mama mkwe akataka kujua: kama haisomwi, imefuata nini humo? Nilicheka mpaka mshono ukauma.

Lakini mama mkwe naye hataki jina la kizamani. Anataka la katikati. Anasema lake la kizee limemzeesha tangu darasa la kwanza. Hiyo ni habari kwangu — nilidhani wazee ndio wang'ang'anizi wa majina yao. Kinachomhangaisha zaidi ni jinsi ya kutuita. Mama nani? Baba nani? Kwa sasa mtoto ni Nanihii, mimi Mama Nanihii, na anasema hiyo si heshima kwa mtu yeyote kati yetu.

Mume wangu amerudi jioni, gundi ya silikoni imemganda kwenye kucha. Yeye ni fundi vioo, mimi nashona mapazia. Watu hututania kwamba mmoja anafungua nyumba na mwingine anaifunga. Yeye anataka jina fupi, la zamani, linalofika mbali mtu akiita. Na kwa kuwa ni fundi, hakubali kitu bila kukijaribu. Akasimama mlango wa nyuma, akawa anayaita kuelekea bombani.

"Subira!" Kimya.

"Tausi!" Kuku wa jirani akakimbia.

"Riziki!"

Sauti ikatoka ng'ambo ya ukuta: "Ukiiona, ielekeze na huku!"

Akaingia ndani anajifuta machozi ya kicheko. Siku nyingi sijamwona hivyo. Nilitaka kusema la kwangu pale pale, lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nikalimeza na chai. Sikutaka kuwa mtu wa kuzima kicheko kile.

Ijumaa, 7 Machi

Mwenzangu wa dukani amekuja kuniona. Tunamwita Sindano, kwa wembamba na kwa ulimi. Amenipa habari zote: cherehani yangu inalia kwenye kona, mwenye hoteli amerudisha mapazia kwa mara nyingine, eti mikunjo haitoshi. Sindano amemwambia mikunjo inatosha, madirisha yake ndiyo yameongezeka.

Nikamweleza majina ya wifi. Akasema majina ya siku hizi ni kama mapazia ya mwenye hoteli yule: marefu, ya bei, na jua linapita vile vile.

Tukakaa tunachambua ya kizamani kama tunavyochambua vifungo. Kuna ya siku aliyozaliwa mtu. Kuna ya shida walizokuwa nazo wazazi — hayo Sindano hayataki, anasema mtoto hakuleta yeye shida, ameikuta. Kisha tukafika kwenye ya hesabu. Zamani kila mtaa ulikuwa na akina Mosi, Pili na Tatu. Ukikutana na Tatu ulijua tu pana wawili mbele yake, wawe wapo au hawapo. Hakuna aliyeshangaa.

Nikamwambia: mimi nataka Pili.

Hakuuliza kwa nini. Siku ile, miaka mitatu nyuma, yeye ndiye aliyezima cherehani yangu na kunishika mkono mpaka hospitali. Alinyamaza, jambo ambalo kwa Sindano ni kama kufunga duka. Halafu akasema, "Zuri. Jepesi. Hata mwenye mafua analitamka."

Nikashukuru.

"Baba yake anajua?"

"Bado."

"Basi mwambie kabla wifi yako hajalisikia. Yule akilipata atalitia y."

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwambia. Mambo hayakwenda vizuri.

Alikuwa uani, ametandika blanketi mezani, kioo juu yake, rula mkono mmoja na almasi ya kukatia mkono mwingine. Nikasimama mlangoni na mtoto. Nikasema jina nimelipata. Akasema, haya, tulisikie. Nikasema Pili.

Almasi ilikuwa imeshaanza kukwaruza. Fundi hasimami katikati ya mstari. Akaufikisha ukingoni, akakigonga kioo kwa chini, kikaachia safi bila kumeguka. Ndipo akasema hapana.

"Si jina baya," alisema. "Lakini litakuwa langu pia. Nitakuwa Baba Pili kila saiti ninayokwenda. Na kila mtu ataniuliza Mosi yuko wapi. Nitajibu nini, nimeshika kioo?"

Nikasema utajibu ukweli.

"Kwako ni rahisi kusema hivyo. Wewe hukumwona."

Hajawahi kusema hivyo. Nadhani hata yeye hakukusudia. Alianza kufuta meza ambayo haikuwa na kitu.

Mama mkwe alisikia, akatoka jikoni na mwiko. Kwamba jina la mtoto si mahali pa kuwekea msiba. Kwamba mtoto huyu ni furaha, aachwe awe furaha. Kwamba mlango ule tulishaufunga. Nikamjibu, na sikupandisha sauti, kwamba waliufunga wao. Mimi nilikuwa nimelala. Akarudi jikoni. Sufuria ndizo zilizoendelea na mazungumzo.

Naandika nikiwa na hasira, lakini niandike na hili: sijutii kulitamka. Baadaye, tukiwa wawili tu chumbani, nimemwita mtoto kwa jina lake, sikioni, mara moja. Akapiga chafya. Sijui maana yake, lakini hakulia.

Jumapili, 9 Machi

Kila mtu mpole kupita kiasi. Naomba chumvi. Shika, mama. Asante, mwanangu. Wifi amepiga simu kuuliza kama tumeamua. Mume wangu akamjibu bado tuko kwenye mazungumzo, utadhani ni serikali mbili.

Mtoto ameitwa Nanihii akageuza kichwa. Tukichelewa litamganda.

Jumatatu, 10 Machi

Sikupanga kuandika mengi leo, ila imetokea.

Mama mkwe alikuwa anamwogesha mtoto kwenye beseni la bluu, karibu na dirisha, mahali penye jua. Mimi nimekaa mkabala naye, nimeshika taulo. Bado tulikuwa na ule upole wa jana. Ili tusikae kimya, akaanza kusifu nywele.

"Tazama nywele hizi. Za baba yake hizi. Wangu wote watano walizaliwa hivi, nywele mpaka shingoni."

Wangu wote watano. Mimi nawajua wanne: mume wangu, wifi, na mapacha waliohamia mbali. Wote wanne nimewashonea mapazia. Naye alikuwa ameshajisikia. Akaendelea kuchota maji kwa kiganja na kumwagia mtoto mgongoni, polepole.

"Umesikia," akasema.

"Nimesikia, mama."

"Alikuwa kati ya mumeo na wifi yako. Wa kiume. Alikaa siku chache." Akamgeuza mtoto, akamshika kichwa. "Hatukumpa jina. Waliniambia nikimpa jina sitamsahau. Basi nikawa namwita yule. Miaka yote, yule. Na sijamsahau."

Hatukulia. Tulikuwa na mtoto mwenye sabuni, anateleza kama samaki; huwezi kulia na huku umeshika kitu kama hicho. Akanipa, nikamfunga taulo, nikamkausha nyuma ya masikio. Yeye akabaki anakamua kitambaa ambacho kilikuwa kimeshakauka.

"Pili," akasema, kama mtu anayeonja. "Halichoshi mdomo."

Nikamfunika mtoto miguu.

"Lakini simsemei mwanangu," akasema. "Alimbeba peke yake yule wenu. Hata mimi sikuwepo. Akikataa, umwachie, usimfuate fuate."

Nimeahidi. Nikamuuliza kama angependa kuwa na jina la kumwita yule wake, hata sasa. Akasema yeye ni mtu mzima, nimwache. Lakini alipokuwa anamwaga maji ya beseni uani alikaa sana kuliko maji yenyewe yalivyohitaji.

Jumanne, 11 Machi

Leo ni wiki tangu turudi. Mshono haunivuti tena nikisimama. Nimetembea mpaka bombani na kurudi bila kushika ukuta.

Mume wangu amerudi mapema, jua bado kali. Hakuingia chumbani, haingii kwa mtoto na nguo za kazi, huogopa chembe za kioo. Alisimama kizingitini na vumbi lake, akanieleza, akiangalia dirisha kuliko kuniangalia mimi. Naandika kama alivyosema.

Walikuwa wanashusha kioo cha mbele ya duka, kikubwa kuliko mlango. Huku yeye, huku dereva wa lori, watu wasiojuana. Dereva akauliza ili waelewane: nikuite baba nani? Anasema ilimtoka tu, kabla hajafikiri. Baba Pili.

Dereva akacheka. Akasema hayo ni majina ya bibi zetu, vizuri kuyasikia tena. Halafu akauliza: na Mosi yuko wapi?

"Kioo kile huwezi kukiweka chini ukaondoka," mume wangu akaniambia. "Tumekishika wawili, tunaonana kupitia humo humo. Nikamwambia, Mosi alitangulia."

Nikauliza dereva alisema nini.

"Alikaza mikono kwanza. Halafu akasema, 'Haya, Baba Pili, taratibu, kuna ngazi nyuma yako.' Tukapanda. Tukakisimamisha. Basi mchana kutwa ikawa Baba Pili shika huku, Baba Pili niletee ile." Akajikuna kidevu, akajipaka vumbi zaidi. "Nilidhani litaniangusha."

Nilikuwa nasikiliza kitu kingine. Mosi. Amesema Mosi, kwa mtu asiyemjua, barabarani. Kwa hiyo na yule mwingine amepata jina, na aliyempa ni baba yake. Sijui kama mwenyewe amegundua. Sikumwambia. Niliogopa kukigusa kitu hicho kikiwa bado kibichi.

Mama mkwe akaita kutoka jikoni: "Baba Pili, chai yako inapoa."

Mume wangu akageuza shingo kuelekea jikoni, akanigeukia mimi, kama mtu aliyesikia anaitwa sokoni na hana hakika ni yeye. Sikumsaidia. Nilimtazama tu.

Basi nikauliza. Nimekaa na swali hili miaka mitatu, na lilipotoka lilikuwa dogo, kama mtu anayeuliza saa. Nikamuuliza Mosi alifanana na nani.

Akamtazama mtoto pale kitandani, akamtazama sana, kutoka nywele mpaka miguu, kama anavyopima dirisha kabla ya kukata.

"Ngoja nioshe mikono kwanza," akasema. "Nibadilishe na shati. Sitaki kukusimulia nimesimama mlangoni."

Amekwenda bombani. Chai bado iko jikoni, hakuipitia. Nimesogea ukutani, nimemwachia nafasi upande wa dirisha. Pili ameamka, yuko macho, ametulia. Namsikia baba yake anasugua kucha, moja moja, kwa brashi ile ngumu. Ana mikono michafu kweli, itachukua muda.

Bomba limefungwa. Anapita jikoni, mama yake anamwambia kitu, anajibu kwa sauti ya chini. Nyayo. Anakuja. Naweka kalamu.