Siku Wasimamizi Wangu Walipoketi Meza Moja

Mpendwa Wanja,

Huku Kibugu tuko salama. Babu yako bado anakataa kupumzika msimu wa chai, na mbuzi wako amezaa mapacha.

Unaniuliza ufanyeje, maana wasimamizi wako wawili wa tasnifu wanakuvuta huku na huku. Mimi, nilipoandika tasnifu yangu ya udaktari, nilifanya kosa la msichana aliyelelewa kutobishana na wazee. Msimamizi wangu mmoja aliniambia nichunguze udongo wa migomba ya Nkubu. Mwenzake akasema niachane na udongo, niwahoji wakulima. Nikawaitikia wote, "Ndiyo, Profesa." Mwaka mzima nikawa naandika tasnifu mbili!

Mwishowe niliwaomba tuketi meza moja. Walibishana wee, hadi mmoja akanigeukia: "Kwani wewe unaonaje?"

Nikasema, "Wakulima wanaujua udongo huo kuliko sisi. Nitaanza kwa kuwasikiliza, kisha niupime nione kama wanasema kweli."

Nikaona kalamu mbili zikiandika maneno yangu.

Mjukuu wangu, joho nilivalishwa baadaye. Udaktari niliupata siku hiyo.

Ni mimi Cucu wako, ninayekungoja kwa vigelegele.