Mbwa wa Mkandarasi

Jumatatu, 4 Agosti

Hili sijawahi kumwambia mtu yeyote: leo nimemwombea mbwa kifo. Nimepiga magoti kabisa, nimefumba macho, nikaomba afe. Si augue, si ahamishwe — afe! Halafu nikasema amina. Mimi, ambaye nikikuta mende amelala chali nampindua ili aende zake.

Mbwa mwenyewe anaitwa Askari. Ni wa jirani yetu Mkandarasi. Amefungwa mnyororo nyuma ya nyumba yake, kando ya ukuta, na upande huu wa ukuta ndipo kilipo chumba changu: kitanda, meza, vitabu. Anabweka nikiamka. Anabweka nikirudi shule. Nikifungua kitabu ni kama nimempigia kengele. Leo nimerudia ukurasa uleule wa historia mpaka nikajua pale mchapaji alipokosea herufi, lakini ukiniuliza ulisema nini — wau, wau, wau. Ndicho kilichobaki kichwani. Na mitihani ni mwezi ujao.

Nimemwomba Baba akazungumze naye. Baba ni fundi saa, na ni mpole kiasi kwamba nadhani hata saa huiomba radhi kabla ya kuifungua. Akasema jirani ni ndugu, tuvumilie. Mama hakusema hata hilo. Alinionyesha koki kwa kidevu.

Koki! Hapo ndipo tulipofungwa sisi, tena kwa mnyororo mfupi kuliko wa Askari. Mabomba ya mtaa wetu yalikauka zamani. Mkandarasi ana kisima chake na tangi juu ya mnara, na kwa hisani yake alitoboa ukuta akatupitishia bomba. Koki iko uani kwetu, chini ya dirisha langu. Na kazi ya Mama ni kufua nguo za watu. Bila maji yale hana kazi. Kwa hiyo Mkandarasi akicheka, tunacheka. Mbwa wake akibweka, tunasema mtaa una ulinzi.

Jumatano, 6 Agosti

Mkandarasi amekuja kuchukua mashati yake. Mama humfulia bure, naye hutupatia maji bure, na kila mmoja humsifu mwenzake kwa ukarimu.

Nilikuwa nimefungua koki najaza pipa. Kama kawaida — mara tu maji yanapoanza kunguruma ndani ya bomba, Askari anapandwa na wazimu. Anajirusha mpaka mnyororo unamkaba na sauti inakatika, kisha anaanza upya. Mkandarasi akapiga paja lake.

“Mnamsikia? Anawahesabia ndoo huyo! Maji ya bosi wake yanamuuma!”

Tukacheka wote. Mdogo wangu Kasuku ndiye aliyecheka zaidi. Tunamwita Kasuku kwa sababu neno likiingia sikioni mwake asubuhi, jioni limeshatoka mdomoni mara ishirini. Mpaka analala alikuwa akiimba: anawahesabia ndoo, anawahesabia ndoo!

Na mimi nilicheka. Hilo ndilo linalonichoma. Moyo ulikuwa unachemka na meno yako nje.

Mkandarasi akaendelea kutufundisha ufugaji. Mbwa akishiba analala. Yeye humpa chakula mara moja tu, akirudi kutoka kazini, na maji kidogo akikumbuka. Mchana mzima mnyama abaki na hasira zake, ndiyo mshahara wa ulinzi. Kisha akanigeukia. “Msomi! Unamwogopa Askari?”

Nikajibu, “Shikamoo.”

Nilikuwa nimeshamwamkia! Ameshaitikia marahaba! Wakacheka tena. Nilitamani nijikunje niingie kwenye pipa.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimelala darasani. Mwalimu wa hesabu amenikuta shavu liko juu ya daftari, wino umenichora usoni. Kabla hajasema neno, wale wa nyuma wakasema mwacheni, Mwalimu, huyo usiku analinda! Mmoja akabweka. Darasa zima likabweka. Mwalimu mwenyewe aligeukia ubao, lakini nilimwona mabega yanatikisika.

Namchukia mbwa yule. Namchukia!

Wala hakuwa hivi. Zamani alikuwa mbwa wa kawaida — mtu akipita anabweka, mtu akishapita ananyamaza. Wazimu huu umeanza shule zilipofungua. Nakumbuka vizuri, kwa sababu ndiyo wiki niliyotengeneza bomba. Pale tunduni ukutani, upande wa Mkandarasi, kiungio cha bomba kilikuwa kinavuja. Maji ya mtu yanapotea siku nzima, tone baada ya tone. Mimi niliona aibu. Nikakata ukanda wa mpira wa tairi la baiskeli, nikapenyeza mkono, nikauzungusha kwenye kiungio na kuukaza mpaka vidole vikauma. Halikutoka tone tena. Baba alisema nina mkono wa fundi. Mkandarasi mwenyewe aliniletea kalamu ya zawadi, ndiyo ninayoandikia.

Shukrani ya punda ni mateke. Ya mbwa ni kunikosesha usingizi.

Jumamosi, 9 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilikuwa peke yangu. Mama na Kasuku walikwenda kurudisha nguo za watu, Baba kibandani kwake. Askari alianza kabla sijamaliza chai. Nikafunga dirisha. Nikaziba masikio kwa pamba. Nikaweka mto juu ya pamba. Mwisho nikatoka uani nikaokota jiwe — zuri, linajaa mkononi — nikainama kwenye tundu la bomba nione amekaa wapi, nisije nikakosa shabaha.

Sikuwahi kumwona kwa karibu. Miezi yote hii nimekuwa nikimsikia tu, na kwa sauti ile nilidhani ni mnyama wa kuangusha ng’ombe. Ni mdogo! Mbavu zinahesabika. Shingo imechubuka mnyororo unapopita, nzi wamekaa hapo. Sufuria lake limepinduka mbali, mnyororo haufiki, na chini yake kuna jani kavu.

Alikuwa analamba bomba.

Lile bomba letu. Analilamba kutoka mwanzo hadi mwisho, anafika kwenye kiungio changu, kwenye ule mpira, anautafuna kidogo, anaulamba, anarudi mwanzo. Chini ya kiungio kuna kishimo amechimba kwa makucha. Udongo wa kile kishimo umepasuka kwa ukavu.

Nikaelewa. Nikaelewa kila kitu kwa pamoja, kama mtu aliyevuliwa pamba masikioni. Yale matone ndiyo yalikuwa maji yake ya kunywa. Na fundi hodari mwenye mkono wa fundi akaja akayafunga. Kisha kila siku nafungua koki, maji yanapita mbele ya pua yake, anayasikia, anayanusa, hayapati — anapiga kelele, na sisi tunacheka. Anawahesabia ndoo!

Bado nilikuwa na jiwe mkononi. Nilikuwa na hasira kuliko nilipoliokota, ila sikujua tena wa kumpiga. Mkandarasi na tangi lake refu kuliko nyumba! Kusahau maji, akiwa na kisima! Na mimi na kalamu yangu ya zawadi.

Nikaingiza mkono tunduni nikafungua mpira. Vidole vilikuwa mezani kwake kabisa, angetaka angeving’ata. Hakuving’ata. Tone la kwanza lilipodondoka alirudi nyuma kwa mshtuko. La pili akalidaka kabla halijafika chini.

Baadaye nilifungua koki makusudi. Bomba likanguruma. Askari — kimya.

Jumapili, 10 Agosti

Kimya. Nimesoma mpaka shingo imekakamaa. Baba alisimama uani muda mrefu, akauliza leo kuna nini. Nikasema sijui. Kasuku ameuona ule mpira mfukoni mwangu na kudai aambiwe. Nimemwambia, nikamwapisha asiseme. Mjinga mimi! Bora ningeutangaza redioni.

Jumanne, 12 Agosti

Nimemweleza Mama. Alikuwa anasugua shuka, hakuacha kusugua. Nikamwomba, kwa kuwa yeye ndiye anayezungumza na Mkandarasi, amwambie kwa upole tu amwekee yule mnyama karai la maji. Lijazwe asubuhi, basi.

“Mbwa ana mwenyewe.”

Nikasema mwenyewe ndiye tatizo. Nilisema kwa sauti! Mama akanitazama kama ameona paka anafungua mlango kwa ufunguo.

“Sikia, mwanangu. Nguo zote hizi unazoziona zinafuliwa kwa maji ya yule bwana. Usinikatie riziki kwa ajili ya mkia.”

Halafu, alipoona siondoki: “Nitamwambia.” Lakini namjua Mama. Hiyo ndiyo nitamwambia yake ya siku zote, ile ambayo haijawahi kumfikia mtu.

Alhamisi, 14 Agosti

Mkandarasi alikuja jioni hii, hakuketi. Akamwuliza Baba, “Fundi, mbwa wangu amepatwa na nini? Siku kadhaa hizi nafika getini hata hajikohozi. Mmempa nini?”

Baba akasema labda amechoka, na yeye ni kiumbe. Mama akaleta mashati haraka, yamepigwa pasi mpaka yanang’aa. Na hapo, kutoka nyuma ya mlango, Kasuku: “Dada amemfungulia mpira! Anakunywa maji ya bomba!”

Nikaubana mfuko wenye mpira kwa kiganja.

Mkandarasi hakukasirika. Alicheka, na ndipo nilipoogopa. “Msomi! Ndiyo maana wahenga wakasema kimya kingi kina mshindo mkuu.” Kisha, bado anatabasamu, akamgeukia Baba. “Kiungio kifungwe sasa hivi, Fundi. Nyumba yangu inalindwa na mbwa mwenye hasira, si mgeni wa hoteli. Au mimi mwenyewe nitafunga huko juu, kwenye tangi. Tuone nani atafua.”

Baba alinitazama. Macho yake yalikuwa yananiomba, na hilo ni baya kuliko kuamriwa. “Nenda, mama. Nenda ukaufunge.”

Nikautoa mpira mfukoni. Nikatoka uani, wote nyuma yangu. Nikapiga magoti, nikaingiza mkono tunduni. Na yule mbwa — niliyemwombea kifo kwa magoti hayahaya — akaja akanilamba vidole. Kimoja kimoja, polepole.

Nikautoa mkono. Mpira ulikuwa bado mkononi.

“Ana kiu,” nikasema.

“Unasemaje?”

“Mbwa ana kiu. Hahesabu ndoo za mtu. Kila tukifungua maji yanapita puani pake, na hana pa kunywa. Ana kiu! Una tangi zima, na ana kiu!”

Sikuamini ni mimi. Sauti ilipanda ikapasuka katikati kama ya jogoo mchanga, sikujali. Sikuongeza shikamoo.

Baba alitaja jina langu, taratibu. Mkandarasi akatazama kuanzia kwangu hadi kwa Mama. “Mtoto wako ananifundisha kufuga, Mama Fundi.” Akangoja tucheke.

Hakuna aliyecheka. Hata Kasuku.

Akaondoka bila mashati.

Ijumaa, 15 Agosti

Naandika nimekaa sakafuni chini ya dirisha. Baba bado hajarudi kutoka kwa Mkandarasi.

Asubuhi koki ilikohoa hewa, ikatema kutu, basi. Amefunga kweli. Mama alikuwa amekwisha kuloweka nguo za watu. Povu limekaukia kwenye mashuka, na hana maji ya kuyasuuzia. Siku nzima hajanisemesha. Amenipita kama kiti. Ningependa anigombeze, avunje hata sahani. Pipa limekwisha. Imebaki ndoo moja jikoni, ya kunywa na kupikia, ameifunika kwa sinia.

Na tangi likifungwa kiungio hakivuji. Kwa hiyo Askari ameanza tena. Si kama zamani. Sauti imekauka, inakwaruza, kama mtu anayesugua sufuria tupu. Kila mkwaruzo unanipanda kichwani. Mtu mzima! Mtu mwenye nyumba ya ghorofa, amekasirishwa na mtoto, akaona amkomeshe mbwa!

Baba aliporudi kutoka kibandani alivaa koti lake la kwenda harusini. Akasema anakwenda kumwomba radhi jirani. Hakuniambia nimfuate. Alisimama kidogo mlangoni, akafunga vifungo vya koti, akaenda.

Niliyofanya baada ya hapo ni haya. Nilikata kipande cha mpira wa kumwagilia, ule wa zamani. Nikakipitisha tunduni mpaka nikahisi kimefika juu ya kile kishimo. Nikaenda jikoni na kikombe changu.

Mama alikuwa amesimama pale pale, kando ya ndoo.

Nilimwona, naye aliniona, na kikombe, na magoti yangu yenye vumbi. Nikajua nitapigwa. Ng’ambo ya ukuta sauti ilikwaruza tena. Mama akalinyanyua sinia. Akalishika hewani, ananitazama tu, mpaka nikachota.

Nilirudi uani nikamimina polepole kwenye ule mpira. Kelele zikakatika. Kukawa na ule ulimi tu, chap, chap, chap. Na kwa kuwa mbwa amenyamaza, kwa mara ya kwanza leo tukaweza kusikia uani kwa jirani: sauti ya Baba, ndogo, inaeleza jambo. Kisha ya Mkandarasi, ikimkatiza.

“Ngoja kwanza, Fundi. Mbona huyu amenyamaza?”

Viatu vikaanza kuja upande wa ukuta.

Nikageuka kumtazama Mama kupitia mlango wa jikoni. Alikuwa amesikia. Sinia lilikuwa bado hewani.

Nikarudi, nikachota kikombe cha pili.